Kigae cha Tisa

Saa nane usiku, Mbale. Mvua imeanza tangu magharibi
na haijapumua.
Mlima siuoni, lakini naujua ulipo,
kama unavyojua gizani
kwamba mtu uliyelala naye chumba kimoja yu macho.

Kompyuta yangu kuukuu, feni yake inakohoa.
Ikiachiwa peke yake miteremko yote ya Bududa
itahesabu hadi Jumapili.
Basi haihesabu. Inaomba.

Naandika ombi, mistari kumi na miwili na alama zake,
nalituma kama mtoto anayetumwa moto kwa jirani:
hodi Entebbe, wenye vimo vya nchi;
hodi Makerere, wenye udongo, aina zake na kina chake;
hodi Tororo, kwenye ghala la mvua.
Sitaki vyote. Nataka hapa tu,
kutoka kijito hiki hadi ukingo ule.
Kila mmoja apige hesabu kwake, anipe jibu,
abaki na ghala lake.

Bibi yangu Khaitsa asingeshangaa.
Kahawa yake haikupaliliwa na mikono miwili.
Alipika pombe ya ulezi, watu wakaja alfajiri,
kila mtu na mstari wake,
jioni wakaondoka na majembe yao mabegani.
Huazimi jembe, alikuwa akisema. Unaazima mgongo.

Jibu la kwanza. La pili.
Ramani inaingia vigae vigae,
mtungi uliovunjika unajikumbuka:
kijani, kijani, manjano,
rangi ya chungwa juu ya Bunasufwa.
Vinane.
Cha tisa ni mraba mweupe
na maneno madogo katikati: huduma haipatikani.

Naomba tena. Naomba tena.
Tororo imegawa mvua mara nane,
ya tisa imekatikia mkononi.
Labda umeme. Labda mlinzi kazima jenereta,
maana nani alimwambia kwamba usiku huu
kuna mtu Mbale anadai mvua?

Weupe si kijani, nasema kwa sauti, ofisini peke yangu.
Kesho wakubwa wataitazama hii
wadhani pale hapana watu.
Pale yupo Wamono, mwalimu wa hesabu,
na kipimo chake cha mvua: chupa ya plastiki
na rula iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Simu inaita hadi nakaribia kuiweka chini.
"Mwalimu, amka. Chupa inasemaje?"
Nasikia komeo. Nasikia mvua yake,
ndiyo hii hii yangu, ila ina mawe ndani.
Anarudi akihema.
"Imefurika."
"Nipe namba."
"Imefurika, Nandudu. Hiyo ndiyo namba."

Mashine haijui kufurika, inataka tarakimu.
Naandika mia moja na hamsini, kimo cha chupa nzima,
nikijua ni uongo, na uongo wenyewe ni mdogo kuliko kweli,
nabonyeza.
Entebbe inajibu. Makerere inajibu.
Mraba unajaa wekundu,
wekundu wa udongo uliokatwa jembe sasa hivi.

"Mwalimu, piga kengele ya shule."
Amekwishakata.

Ramani haina sauti.
Naikodolea macho nikipiga hesabu ambayo hakuna seva inayonisaidia:
dakika ngapi hadi kengeleni,
kwa mtu wa miaka hamsini na minane, kwenye matope,
kama tochi yake ina betri,
kama watu hawatadhani ni watoto watundu.

Saa kumi na robo Tororo inarudi, bila kuomba radhi,
na makadirio ya setilaiti: mia moja sitini na nane.
Nafuta yangu, naweka yake.
Rangi haibadiliki.

Kumi na moja kasoro, ujumbe, bila salamu:
Tuko juu kanisani. 82.
Kisha, kabla sijaweka simu mezani:
Nahesabu tena.